Siri Iliyoichelewesha Nuru

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nyota humetameta. Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika silabasi. Aliketi, na tangu siku hiyo hakuniuliza neno tena. Jibu hilo linanisuta hadi leo.

Laiti ningalimweleza! Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindi nuru kwa kiasi kimoja. Atazamaye kitu kilicho ng'ambo ya jiko la makaa hukiona kikitetemeka, ilhali kitu chenyewe kimetulia tuli. Ndivyo angahewa inavyoitikisa nuru ya nyota.

Hewa hiyo hiyo huwasumbua wanaoelekeza miali ya leza angani. Mwali huondoka mwembamba, lakini hupita katika msukosuko huo, ukayumba na kutawanyika kabla ya kufikia shabaha.

Mwaka wa 1953, Mmarekani Horace Babcock alipendekeza dawa: kioo kinachobadilika umbo. Katika mitambo ya sasa, nuru ya nyota angavu hupimwa ili kujua hewa imeipotosha vipi, kisha kompyuta hukiamuru kioo kijipinde kinyume cha upotovu huo, mamia ya mara kwa sekunde. Leza ikipitishwa katika kioo hicho huondoka ikiwa imepindwa makusudi, na hewa yenyewe ikainyosha. Pasipo na nyota angavu, leza nyingine huwasha atomu za sodiamu zilizo umbali wa kilomita 90 hivi juu yetu, nazo zikawa nyota ya kubuni.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mapema katika miaka ya 1980, wanasayansi wa jeshi la Marekani walikwisha kulibaini wazo la nyota hiyo, wakalifanya siri, kwa kuwa walitafuta silaha za leza. Mwaka wa 1985, Wafaransa Renaud Foy na Antoine Labeyrie, pasipo kuijua siri hiyo, walilichapisha wazo lilo hilo. Siri ilifichuliwa rasmi mwaka wa 1991. Miaka yote hiyo, wataalamu wa falaki walihangaikia jambo ambalo wenzao walikuwa wamekwisha kulijaribu.

Kuna watakaosema kwamba jeshi lina haki ya kuficha silaha zake. Sawa. Lakini msukosuko wa hewa si mali ya jeshi lolote, na darubini kubwa za Hawaii na Chile leo zinanufaika kwa maarifa hayo.

Walimu wenzangu, mimi sikuwa na siri ya vita siku ile. Nilikuwa na uvivu tu, tena na hofu ya kuonekana sijui. Hata hivyo, tokeo lilikuwa moja: elimu ilifungiwa mlango. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba mwalimu kusema "sijui, tutafute pamoja" si aibu. Nanyi wanafunzi, msikubali silabasi iwe ukomo wa maswali yenu.