Waya wa bei chee utakuunguzia nyumba!

Mpenzi msomaji, umejibana miaka kibao, nyumba imesimama, kilichobaki ni kuvuta umeme. Fundi anakuonyesha nyaya za aina mbili. Zote nyekundu, zote ndani zinang'aa kama shaba, ila moja bei yake ni nusu ya nyingine. Tuseme ukweli, wengi wetu mkono unakimbilia ya bei chee. Hapo ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia!

Ni hivi. Umeme ukipita kwenye waya hukutana na ubishi, ambao wataalamu wanauita ukinzani. Mjerumani Georg Simon Ohm alishayachambua mambo haya mwaka 1827, ndiyo maana ukinzani hupimwa kwa omu. Ubishi ukizidi, na joto linazidi.

Sasa chukua nyaya za urefu na unene uleule. Yenye ubishi mdogo kuliko zote ni ya fedha, lakini nani atavuta umeme kwa fedha? Shaba inaifuata kwa karibu sana. Alumini ubishi wake ni kama mara 1.6 ya shaba. Chuma ni karibu mara sita! Nikromu, ile iliyojiviringisha kwenye jiko la umeme, hufika mara 60, ila yenyewe kazi yake ni kuwaka moto.

Tupige hesabu. Una waya wa milimita mbili na nusu, mita 20 kwenda na 20 kurudi, na birika linalovuta ampea 10. Shaba itapoteza wati 28 hivi kwa joto, alumini 45, chuma 160. Hizo 160 ni karibu balbu tatu za wati 60 umezificha darini, tena usiku na mchana birika likiwaka!

Kabla hujalipa, omba kipande. Kikwangue kwa kisu: kikitoa weupe ndani, hiyo ni shaba ya kupaka. Kisha leta sumaku ya spika mbovu. Ikinasa, ujue ndani kuna chuma. Alumini hainaswi, lakini utaijua kwa wepesi, maana uzito wake haufiki theluthi ya shaba.

Pesa uliyookoa dukani, ndugu yangu, usije ukaitafuta kwenye majivu.