Motokari ya Zamani: Ununue Iliyotengenezwa, ama ya Kutengeneza?

Ndugu mfanyakazi, wewe na mama wa nyumbani mmeweka akiba franka kwa franka, na sasa mnatafuta motokari. Mpya hamuiwezi. Mnaonyeshwa Peugeot mbili za 404. Ya kwanza imepakwa rangi mpya, inawaka na inatembea. Mwenye kuiuza anataka pesa nyingi. Ya pili iko juu ya matofali nyuma ya nyumba ya mtu, mota imefunguliwa, milango imekula kutu. Bei yake ni ndogo sana. Mchague ipi?

Utasema hili ni jambo la mfuko, si la ukurasa wa usalama. Hapana. Kila moja ya motokari hizi ina njia yake ya kuumiza mtu. Ya kwanza inaumiza barabarani, ya pili inaumiza katika lupango. Mwenye kujua hatari iko wapi atachagua vizuri.

SWALI HILI SI LETU PEKE YETU

Huko Marekani watu wengi wanapenda motokari za nguvu zilizotoka kiwandani tangu 1964 mpaka mwanzo wa miaka ya 1970: Pontiac GTO, Chevrolet Chevelle, Dodge Charger, zenye mota kubwa ya silinda nane. Wanunuzi wa leo wanajiuliza swali lile lile: iliyotengenezwa, ama ya kutengeneza? Na wengi wameona kwamba ukijumlisha piesi, rangi na siku za fundi, ile mbovu mara nyingi inakula pesa kupita ile nzima. Sababu ni kwamba ubaya wa ndani hauonekani mpaka uifungue.

Motokari zile zilikuwa na mbio kubwa, lakini ulinzi wake ulikuwa mdogo. Tangu 1968 serikali ya Marekani ililazimisha kila motokari mpya ya abiria iwe na mikanda, na mafuta ya freni yapite katika njia mbili. Kabla ya hapo, motokari nyingi zilikuwa na njia moja tu: bomba moja likitoboka, magurudumu yote manne yanakosa freni. Peugeot 404, ambayo ilianza kutoka mwaka 1960, ni ya kizazi hicho. Mota yake ni ndogo, lakini umri ni ule ule.

ILIYOTENGENEZWA: TAZAMA CHINI YA RANGI

Wewe mtu wa mgodi unajua kwamba si kila jiwe la kijani lina shaba ya kutosha. Rangi inayong'aa nayo haisemi kitu juu ya chuma kilicho chini yake. Kabla ya kutoa hata franka moja, fanya hivi:

1. Chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa, uipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Mahali inapokataa kushika, hapo pana mastiki, si chuma.

2. Ingia chini na taa, motokari ikiwa imesimama juu ya shimo la garaji. Tazama shasi, mahali springi zinaposhikiliwa, na mabomba ya freni. Kutu ya mlango ni aibu tu, lakini kutu ya bomba la freni inaua.

3. Kanyaga pedali ya freni kwa nguvu, uhesabu mpaka 30. Ikishuka polepole, mafuta yanavuja mahali. Uliza yalibadilishwa lini, kwa sababu mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewani, na yanapozeeka yanachemka upesi kwenye mteremko.

4. Soma mipira. Pembeni mwake kuna namba yenye kuanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2419 ni juma la 24 la mwaka 2019. Mpira wa zamani unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukapasuka, maana umekauka ndani.

5. Angalia mikanda. Mkanda wa kushika bega na kiuno ulitoka kwa fundi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na tangu hapo umeokoa watu wengi mno. Kama motokari haina, bei ya kuitia iingie katika mapatano, na usipakize watoto mpaka kazi hiyo imekwisha.

YA KUTENGENEZA: LUPANGO LINAKUWA GARAJI

Kazini una kofia, una viatu vya chuma, una kapita wa kukusimamisha ukikosea. Nyumbani jioni, umechoka, una taa moja na mtoto wa kukushikia ufunguo. Hatari ni zile zile, lakini hakuna anayekulinda. Basi jiwekee sheria mwenyewe.

Kriki. Chini ya ardhi hupiti mahali dari halijategemezwa. Mbona nyumbani unaingia chini ya motokari inayobebwa na kriki peke yake? 404 inapita kilo 1,000. Kriki ni ya kuinua tu. Kinachobeba ni miguu ya chuma iliyo juu ya ardhi ngumu, na magurudumu mengine yawe yamezuiwa. Matofali yanapasuka bila kutoa sauti ya kuonya.

Esansi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unalala katika shimo na pembeni za ukuta, unangoja moto. Usichomelee tanki la esansi, hata kama liko tupu tangu mwaka. Tanki tupu limejaa mvuke, nao unalipuka vibaya kuliko esansi yenyewe. Bambula la jikoni lisikaribie.

Batiri. Ikichajiwa inatoa gesi yenye kulipuka, na maji yake ni asidi. Fungua kwanza waya wa upande wa kutoa (−), uvae miwani. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20, kisha hospitali.

Vumbi la freni. Freni na klachi za zamani zilitengenezwa na amianti. Ufaransa iliikataza mwaka 1997, lakini piesi za zamani zingali katika motokari za zamani. Vumbi lake linaingia katika mapafu na kukaa; ugonjwa, hata kansa, unaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 ama 40. Usipulize ngoma ya freni kwa mdomo wala kwa kompresa. Ilowanishe, panguza na kitambaa kibichi, funga kitambaa hicho katika plastiki. Nguo za kazi hiyo mama asizikung'ute wala kuzifua pamoja na za watoto.

Moshi. Usiwashe mota ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi ya moshi inayoua haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamki tena.

Nawe mama, motokari mbovu ni kama mgeni asiyejua siku ya kurudi kwao. Watoto wataifanya nyumba ya michezo. Toa vifungio vya milango na vya buti ili mtoto asijifungie katika jua. Mipira yenye kushika maji ya mvua izalisha mbu; itobolewe ama iondolewe.

BASI, IPI?

Kama motokari ni ya kupeleka watoto kwenye masomo na wagonjwa kwenye hospitali, nunua iliyotengenezwa, baada ya kuipima kama tulivyosema, pamoja na fundi ambaye si rafiki wa mwenye kuuza. Weka akiba kidogo kwa freni na mipira.

Nunua ya kutengeneza kama una vitu vinne: kazi ya ufundi mikononi, mahali penye saruji na hewa, vifaa vya kubeba uzito, na pesa ambayo ikipotea watoto watakula bado. Kimoja kikikosekana, acha. Na kuchomelea shasi, springi na freni mpe fundi wa kweli, hata kama mengine unafanya mwenyewe.

Pesa iliyopotea utaitafuta tena mwisho wa mwezi. Mkono, jicho na pumzi havinunuliwi sokoni. Usalama wa kazini ubebe mpaka nyumbani.