Debe la Same Lina Lita Ngapi?

Mkulima ashukaye na mahindi yake kutoka milima ya Upare hadi gulioni Same, aghalabu huulizwa ameleta madebe mangapi kabla ya kuulizwa ameleta kilo ngapi. Mnunuzi naye huja na chombo chake. Wote wawili husema "debe", na kwa kuwa neno ni moja hudhani kwamba kitu chenyewe nacho ni kimoja. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, hata kwa mtu aliyefaulu vizuri somo la kugeuza vizio. Ni rahisi kukariri kwamba galoni moja ya Kiingereza ni lita 4.546. Lililo gumu ni kujua ni kitu gani hasa kinachogeuzwa.

Debe liliingia nchini likiwa limejaa mafuta ya taa. Lilikuwa kopo la bati la pembe nne, na mafuta yalipokwisha halikutupwa: liliteka maji, likapima nafaka, likakunjuliwa likaezeka paa. Jina lenyewe limetoka Bara Hindi pamoja na biashara hiyo. Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza kopo hilo lilihesabiwa kuwa la galoni 4, yaani lita 18.18. Lakini mafuta ya Marekani nayo yalisafirishwa kwa makopo ya galoni 5 za Kimarekani, ambazo ni lita 18.93. Tofauti hii inatokana na ukweli kwamba Waamerika walibaki na galoni ya zamani ya kupimia mvinyo, yenye lita 3.785, ilhali Waingereza waliiacha kwa sheria ya mwaka 1824, wakachukua mpya yenye ujazo wa ratili 10 za maji. Hivyo makopo mawili yenye sura moja, yaliyoitwa debe yote mawili, yaliweza kupishana kwa robo tatu ya lita.

Ajabu ni kwamba lita haikuwa mgeni wa juzi wilayani Same. Wajerumani walikuwa wameufanya mfumo wa metriki kuwa wa kisheria kwao tangu mwaka 1872, na reli yao kutoka Tanga, iliyopita Same na kufika Moshi mwaka 1911, ina upana wa mita 1 kamili. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walileta galoni, painti na ratili. Baada ya Uhuru nchi ikarudia lita na kilo. Mzee aliyezaliwa mwaka 1900 akaishi miaka 75 aliziona serikali tatu zikimbadilishia vipimo, naye sokoni akaendelea kusema debe.

Siku hizi kopo la bati limekuwa haba. Mahali pake pamechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo imerithi jina. Hebu tuone urithi huo una maana gani kwa muuzaji. Ndoo 10 zilizojaa sawasawa zina lita 200. Tukigawanya lita 200 kwa 18.18 tunapata madebe 11 ya zamani. Mkulima auzaye madebe 10 kwa ndoo mpya ametoa madebe 11 ya baba yake, na kama bei ilipatanwa kwa kukumbuka debe la bati, la kumi na moja limekwenda bure. Hakuna aliyemwibia kwa mkono. Neno ndilo lililomponza.

Hayo ni kama ndoo imejazwa hadi ukingoni tu. Lugha ya Kiswahili yenyewe inaonyesha kwamba wafanyabiashara wa kale hawakuridhika na kutaja jina la chombo. Walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu kwa mkono au kijiti, na kibaba cha tele, kilichofurika. Vibaba 2 vilifanya kisaga, na vibaba 4 vilifanya pishi. Vipimo hivi vilipanda kutoka pwani pamoja na misafara iliyofuata bonde la Pangani, chini ya milima hii ya Upare. Kamusi za wakati wa ukoloni husema kibaba ni kama painti moja, au ratili moja na nusu ya nafaka. Mwanafunzi na apime maneno hayo. Painti ni lita 0.568, ratili moja na nusu ni kilo 0.68. Tukigawanya, kila lita ya nafaka ingekuwa na kilo 1.2, yaani nafaka ingekuwa nzito kuliko maji! Mchele mkavu pamoja na hewa iliyo kati ya punje zake hauzidi sana kilo 0.8 kwa lita. Kwa hiyo moja kati ya makadirio hayo mawili haliwezi kuwa kweli, na aliyeyanakili bila kuyagawanya hakulitambua kosa. Pishi ya fitra, ambayo leo aghalabu hutajwa kuwa kilo 2 na nusu za mchele, inahitaji chombo cha lita 3 na ushei. Robo yake ni kibaba cha lita 0.78, kikubwa kuliko painti kwa zaidi ya theluthi.

Turudi gulioni, kwenye tele. Mahindi makavu yakimiminwa juu ya ndoo iliyojaa hujenga umbo la pia, na mteremko wake hutulia kwenye pembe ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Ukizidisha, punje huporomoka. Pembe hii haitegemei ukarimu wa mtu bali msuguano kati ya punje na punje. Tuchukue nyuzi 27, ambazo tanjenti yake ni 0.51, na ndoo yenye kinywa cha sentimita 30. Nusu kipenyo ni sentimita 15, hivyo kimo cha pia ni 15 × 0.51, yaani sentimita 7.6. Ujazo wake, ambao ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo, ni sentimita za ujazo 1,800, au lita 1.8. Kwa ndoo 10 hizo ni lita 18: debe jingine zima la zamani. Kumi zilizokwisha kuwa kumi na moja sasa zimekuwa kumi na mbili.

Ikumbukwe pia kwamba kimo cha pia hukua pamoja na nusu kipenyo, wakati eneo la kitako hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Kwa hiyo ujazo wa kilele hukua kwa kipeo cha tatu. Chombo chenye kinywa cha sentimita 36 hubeba kilele cha lita 3.1 badala ya 1.8, hata kama ujazo wa chombo chenyewe haukuongezeka hata kidogo. Mnunuzi apendaye chombo kipana kifupi kuliko chembamba kirefu huenda hakusoma hisabati za pia, lakini mazoea yamemfunza jibu. Na akikitikisa chombo anapojaza, hupata zaidi: tufe zilizomiminwa ovyo hujaza kama asilimia 60 ya nafasi, na zikitikiswa hukaribia asilimia 64. Punje za mahindi si tufe, lakini nazo huketi.

Ndiyo sababu mizani imewekwa mbele ya debe katika biashara ya mazao, na lumbesa, yaani gunia lililofurishwa kupita kiasi, imepigwa marufuku nchini. Kutoka lita kwenda kilo tunahitaji densiti ya zao. Kwa mahindi makavu ni takribani kilo 0.72 kwa lita, hivyo ndoo ya mfuto ina kilo 14.4 na ya tele kilo 15.7. Gunia la kilo 100 linahitaji ndoo za mfuto karibu 7, si 6. Maharagwe yana densiti yake, mpunga wa Ndungu una wake, na tangawizi ya Mamba, yenye matawi na mianya, haina densiti ya kuaminika kabisa: mizizi ileile ikipangwa upya hubadilisha ujazo wake. Tangawizi ipimwe kwa mizani, basi.

Milimani kuna kipimo kingine cha ujazo ambacho hakina chombo cha kubebeka, nacho kina uzito kuliko debe kwa kuwa bila hicho hakuna mahindi ya kupima. Wapare tangu kale wamejenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji ya vijito usiku, ili yafunguliwe asubuhi na kushuka kwa mifereji hadi mashambani. Nyingi zimekwisha imarishwa kwa saruji. Uwanda wa Same uko upande wa milima usiofikiwa vema na mvua, na maji ambayo yangepita usiku kucha bila kazi huwa riziki ya mchana. Maji hayo hayagawiwi kwa lita, hugawiwa kwa zamu: huyu hadi saa fulani, kisha yule.

Kugeuza zamu kuwa lita kunahitaji fizikia ya kidato cha pili na cha tatu tu. Tuchukue ndiva ya mfano yenye urefu wa mita 25, upana wa mita 20, na maji ya kina cha mita 1.6 juu ya tundu la kutolea. Ujazo wake ni mita za ujazo 800, yaani lita 800,000, au ndoo 40,000. Kijito cha lita 20 kwa sekunde huijaza kwa sekunde 40,000: kutoka saa 12 jioni hadi kama saa 11 alfajiri. Mwanafunzi akikuta katika taarifa za zamani za maji kizio cha futi ya ujazo kwa sekunde, na ajue kwamba ni lita 28.3 kwa sekunde; kijito chetu ni chini kidogo ya robo tatu yake.

Sasa tundu linazibuliwa. Mtaliano Evangelista Torricelli alionyesha mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu yake. Kwa kina cha mita 1.6 kasi hiyo hukaribia mita 5.6 kwa sekunde. Kina kikishuka hadi robo, yaani mita 0.4, kasi haishuki hadi robo bali hadi nusu, mita 2.8. Kwa bwawa lenye kuta wima, hesabu hii hutoa tokeo moja la kushangaza: katika nusu ya kwanza ya muda wote wa kumwaga, robo tatu za maji huwa zimekwisha toka.

Tuseme kaya 4 zimegawana muda wa saa 4, kila moja saa 1. Kaya ya kwanza hupata mita za ujazo 350, ya pili 250, ya tatu 150, na ya nne 50. Wote wamepewa saa moja, na saa haikudanganya. Lakini wa mwisho amepata moja ya saba ya maji ya wa kwanza, kabla hata ya kuhesabu yaliyonywewa na udongo wa mfereji njiani. Ni kweli kwamba mara nyingi kijito huendelea kuingiza maji wakati ndiva imefunguliwa, na kuta nyingi zina mteremko, hivyo tarakimu za mahali fulani zitatofautiana na hizi. Ni kweli pia kwamba wazee wanaosimamia zamu hawakumngoja Torricelli: pale ambapo utaratibu wa kutangulia huzungushwa, wa mwisho leo akawa wa kwanza kesho, upungufu huu hugawanywa kwa wote. Mahali ambapo mtu yuleyule huwa wa mwisho kila mara kwa sababu shamba lake liko chini, hapana budi hesabu ifanywe.

Kama kila kaya ingepewa mita za ujazo 200 sawasawa, basi katika saa hizo 4 wa kwanza angestahili dakika 32, wa pili 38, wa tatu 50, na wa nne dakika 120. Si rahisi kumshawishi mtu kwamba haki ni dakika 32 kwake na saa 2 kwa jirani. Njia nyepesi ni kuiacha saa na kusimamisha ndani ya ndiva mti wenye alama kila sentimita 40. Maji yakishuka alama moja, zamu imekwisha, liwe jua limesogea au halikusogea.

Shule isiyo karibu na ndiva yaweza kufanya jaribio hili uwanjani. Itwaliwe ndoo ya lita 20, yenye kuta zilizo wima kadiri iwezekanavyo, itobolewe tundu dogo karibu na kitako na kubandikwa rula upande wa ndani. Kwanza ijazwe na kuachwa imwagike hadi kwenye tundu huku muda ukipimwa. Kisha ijazwe tena, na safari hii maji yakingwe katika vyombo viwili, cha pili kikiwekwa muda unapofika nusu. Cha kwanza kitakuwa na karibu lita 15, na cha pili karibu 5.