Kioo Kinachozunguka na Unyofu wa Mistari

Katika mashine ya kuchapa kwa leza, mwale huangukia kioo chenye nyuso nyingi kinachozunguka kwa kasi. Kila uso upitapo, mwale hufagia mstari mmoja juu ya ngoma inayohisi mwanga. (Kioo hapa ni cha kujitazamia, si cha dirisha, Kiswahili huviita vyote kwa jina moja, jambo liwezalo kumpoteza msomaji.)

Taabu yatokana na kanuni ya mwanga: kioo kikiinama, mwale ulioakisiwa hupotoka kwa pembe mara mbili ya ile ya kioo. Uso mmoja ukiinama dakika 1 tu ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, mwale hukosea takriban milimita 0.29 katika umbali wa sentimita 50. Penye nukta 300 kwa inchi, mistari huachana kwa milimita 0.085, kosa hilo basi lapita nafasi ya mistari mitatu.

Kuzisanifisha nyuso zote barabara kuligharimu mno. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, Marekani, aliyekamilisha mashine yake ya kwanza mwaka 1971, alitumia lenzi yenye umbo la silinda, iliyowekwa kati ya kioo na ngoma. Lenzi hiyo huirudisha miale iliyopanda au kushuka kwenye mstari uleule, bila kuzuia mwendo wake wa upande kwa upande. Kwa hiyo kioo cha bei nafuu kilitosha. Mwaka 1977 Xerox ilitoa modeli ya 9700, iliyochapa kurasa 120 kwa dakika.