Santuri za Kuandikwa kwa Nuru

Santuri mbili zaweza kufanana kabisa, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 12, ilhali moja imechapwa kiwandani na nyingine imeandikwa ofisini kwa kompyuta. Mwenye kuzitunza aghalabu huzitia katika sanduku moja, akidhani kuwa zitadumu sawa. Hapo ndipo hasara huanzia.

Santuri ya kiwandani, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1982, huhifadhi habari kwa vishimo vidogo mno vilivyogandamizwa katika plastiki. Kishimo ni umbo, hakipauki. CD-R, ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1990, haina vishimo hivyo. Ina mfuo tu wa kuiongoza leza, na juu ya mfuo huo umepakwa utando wa rangi. Leza kali huunguza alama katika rangi. Baadaye, wakati wa kusoma, leza hafifu hupita, na penye alama nuru hairudi vizuri. Alama hizo hazifutiki tena kwa mashine, na ndiyo sababu santuri hiyo huandikwa mara moja tu. Lakini rangi ni rangi. Kama kitenge kilichosahauliwa kambani, hudhoofika kwa jua, na joto na unyevu huiharibu vilevile. Rangi ya sianini hudhurika kwa nuru upesi kuliko ya fitalosianini.

CD-RW iliyotokea mwaka 1997 haitumii rangi, bali mchanganyiko wa madini ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Madini hayo yakiyeyushwa na leza kisha yakapoa ghafla, chembe zake hukosa mpangilio na mahali hapo hufifia. Yakipashwa joto la wastani, chembe hujipanga upya, na maandishi hufutika. Kazi hiyo yaweza kurudiwa mara 1,000 hivi. Hata hivyo, santuri hii hurudisha nuru kidogo kuliko CD-R, hata vyombo vingi vya muziki vya zamani vikashindwa kuisoma.

Ama DVD-R na DVD+R, tofauti yake huwasumbua watu kuliko inavyostahili. Zilitoka katika kambi mbili za watengenezaji waliokuwa wakishindana. Zote hutumia rangi, na hutofautiana hasa katika alama za kuiongoza leza. Jambo kubwa zaidi ni mahali ulipo utando. Katika DVD umo katikati, baina ya bamba mbili za plastiki zenye unene wa milimita 0.6 kila moja.

Katika CD-R utando uko juu, chini ya lebo, ukikingwa na metali nyembamba na vanishi tu. Wengi huulinda upande unaong'aa, kisha huandika jina juu ya lebo kwa kalamu yenye ncha kali. Mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi huweza kusuguliwa ukatoka. Wa upande wa lebo, ukishaibandua metali, habari za mahali hapo hazisomeki tena.