Mbegani, Razaba na umri wa awamu

Oktoba 2015, wiki chache kabla ya kukabidhi Ikulu, Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliweka jiwe la msingi la bandari ya Mbegani, Bagamoyo. Makubaliano yalikuwa yametiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam. Zilitajwa dola bilioni 10, na wabia kutoka China na Oman. Awamu ya tano ilipoingia, kazi ikasimama. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akaeleza kwamba masharti yale, yakiwemo dhamana ya miaka 33 na upangaji wa miaka 99, angeyakubali mwendawazimu tu. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuyafufua mazungumzo.

Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima kwamba dola huzaliwa, hustawi na kudhoofika ndani ya vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40. Cha kwanza hujenga, cha pili hurithi, cha tatu husahau kilichojengwa kwa tabu gani. Wapo wanaoisoma Bagamoyo kwa jicho hilo: mji wa misafara ya pembe, kisha makao makuu ya Wajerumani, kisha ukimya. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1891 Wajerumani walihamia Dar es Salaam kwa sababu inayopimika: jahazi hukaa juu ya mchanga maji yakitoka, meli ya mvuke haiwezi. Hata huko Dar es Salaam walikuta mji alioanza kuujenga Sayyid Majid, ambao ndugu yake Barghash aliuacha ulale baada ya Majid kufariki mwaka 1870. Mradi wa Majid ulipata mrithi kwa sababu kina cha maji kilikuwepo palepale, hata aliyeupigania akiwa kaburini.

Mbegani haikukwama kwa kina cha maji. Ilikwama kwa sababu bandari huhitaji miongo kurudisha gharama zake, na anayeipigania ana mihula miwili.

Anayetaka kuona gharama ya tofauti hiyo aende Razaba, kaskazini mwa mji, kuelekea Mto Wami. Miaka ya 1970 eneo hilo lilipewa Zanzibar kwa ufugaji wa ng'ombe, ndiyo asili ya jina: Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Ranchi ikafa. Watu wakabaki, wengine wakaingia: wakulima, wafugaji, wachoma mkaa. Miaka ya 2000 wakaja Waswidi na mpango wa miwa ya kutengeneza mafuta, baadaye ukageuka kuwa wa sukari. Kampuni yao ilipata hati mwaka 2013. Mwaka 2016 serikali ikaifuta hati hiyo. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa wakashinda. Sehemu ya ardhi ikaenda kwa kampuni ya Bakhresa, na leo sukari inazalishwa Bagamoyo. Nafurahi kiwanda kipo. Ajira ni ajira.

Lakini hesabu ya Razaba haiishii kwenye hati. Waliokuwa wakiishi humo waliitwa wavamizi, mali zao zikahesabiwa, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu hadi mambo yatakapokaa sawa. Msomaji wa Pwani anajua uzito wa agizo hilo. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kuzaa, kisha hulisha watoto na wajukuu. Mkorosho nao huzaa kwa miongo. Mihogo unaweza kuipanda leo ukaila mwakani. Huwezi kumwachia mtoto mihogo. Familia iliyongoja mwekezaji mmoja, kisha mwingine, imepoteza minazi ambayo sasa ingekuwa inaanguliwa, na hakuna mthamini anayeujazia fomu mti ambao haukupandwa. Hapo ndipo mzunguko wa kisiasa unapogeuka kuwa umaskini wa kurithi.

Kwa hiyo mazungumzo ya Mbegani yakifika mwisho, tusitazame dola bilioni ngapi tu. Mkataba uwekwe hadharani kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Na zuio lolote la kulima au kujenga liwe na tarehe ya mwisho: fidia isipolipwa siku hiyo, zuio life, mwenye shamba apande mnazi wake, awamu yoyote iwe madarakani.