Homa ya Ini na Mzigo wa Moyo

Katika miaka yangu ya uuguzi nimeona jambo hili likijirudia. Mtu anatoka hapa Manundu akiwa mzima, anakwenda kumtolea ndugu yake damu. Damu inapimwa, anaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Anaondoka kimya. Baada ya miezi anarudi amekonda, hapati usingizi na ameanza kunywa pombe. Mara nyingi kilichomkondesha ni hofu.

Homa hiyo ikikaa mwilini zaidi ya miezi 6 huitwa sugu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi nayo. Wengi waliipata utotoni.

Askari wa mwili ni chembechembe nyeupe za damu. Katika ugonjwa sugu askari hao huchoka kwa vita virefu. Wasiwasi wa muda mrefu huwaongezea shida, kwa maana mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo ikizidi hupunguza nguvu zao.

Askari nao hupeleka habari kwenye ubongo. Zamani wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walichomwa sindano za interferoni, dawa inayofanana na kemikali ya kinga ya mwili. Baadhi yao waliingiwa na huzuni kubwa. Kwa hiyo uchovu wa mgonjwa si uvivu, wala huzuni yake si upungufu wa imani.

Lakini tuelewane: furaha haiui virusi, wala huzuni haikuleta ugonjwa. Hatari kubwa ya huzuni ni kumfanya mtu aache kliniki, aache kula na akimbilie pombe, ambayo huliumiza zaidi ini.

Familia ifanye nini?

1. Msimtengee kikombe wala sahani. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Kila mtu awe na wembe na mswaki wake.

2. Wengine nyumbani wapimwe, na wasio nao wachanjwe. Watoto wachanga wapelekwe kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

3. Mgonjwa ahudhurie kliniki hata akijisikia mzima. Si kila mmoja huhitaji dawa, lakini aliyeanzishiwa asiikatize bila daktari, kwani virusi huweza kuamka kwa ukali.

4. Akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, mleteni hospitali. Akisema heri afe, mleteni siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake.

Wengi wenye virusi hivi hulima, huzaa na kulea wajukuu. Mwambieni hivyo, kisha mkaribisheni mezani.